Geuza uone nyuma: kwenda maonesho makubwa ya sanaa ukitokea Kigoma

Mimi nauza vitenge Mwanga, hapa Kigoma mjini, na huu ni mwaka wa kumi na tisa. Sebuleni kwangu kuna picha tisa ukutani, na wageni hawaachi kuniuliza: hizi zimetoka wapi, na mtu kama sisi anaingiaje huko zinakouzwa? Anaingia kwa tiketi, kama anavyoingia Sabasaba. Februari 2024 nilikwenda Cape Town, Afrika Kusini, kwenye maonesho yanayoitwa Investec Cape Town Art Fair. Nilishinda humo siku zote tatu, Ijumaa tarehe 16 hadi Jumapili tarehe 18, nikarudi na picha moja ndani ya bomba la kadibodi. Nilikwenda sijui taratibu zao, ila soko nalijua, na nilichokikuta kule ni soko. Kwa hiyo naandika kama mtu wa sokoni, kwa anayetaka kununua na kwa anayetaka kutazama akarudi zake. Wote wawili wana haki ya kuwa mle ndani.

Ujue kwanza unakwenda mahali gani

Kama umewahi kufika Nanenane kule Ipuli, Tabora, umeshaelewa nusu ya jambo. Ukumbi mkubwa umegawanywa mabanda, na kila banda limekodiwa na galari moja, yaani nyumba inayowasimamia wasanii na kuuza kazi zao. Galari haijiingilii tu. Inaomba nafasi, kamati inapitia maombi, ikikubaliwa inalipia eneo. Hapo elewa mambo mawili. Kwanza, kazi unazoziona zimeshachujwa na wenye galari, kisha na kamati. Pili, yule aliyesimama bandani ana gharama ya banda, nauli, hoteli na kusafirisha mizigo, kwa hiyo amekuja kuuza. Usimwogope. Wewe ndiye unayesubiriwa.

Utaratibu huu ulianzia Köln, Ujerumani, mwaka 1967, na mwaka 1970 ukafuata mji wa Basel, Uswisi. Art Basel ndiyo yenye jina kubwa kuliko yote leo, na ina maonesho mengine Miami Beach, Hong Kong na Paris. Huku Afrika, Johannesburg walianza 2008, Cape Town 2013, na Lagos wakaanzisha ART X mwaka 2016. Mwaka huohuo wa 2013 mwanamama wa Morocco, Touria El Glaoui, alianzisha 1-54 pale London, maonesho ya sanaa ya Kiafrika tu. Jina lake maana yake ni nchi 54 ndani ya bara moja. Usichanganye haya na bienale, yaani maonesho ya sanaa ya kila miaka miwili, kama ile ya Venice, Italia, ambako Tanzania ilishiriki kwa banda lake kwa mara ya kwanza mwaka 2024. Bienale ni ya kuonesha. Haya ninayoyasema ni ya kuuza, na bei ipo hata kama haikubandikwa.

Nilichagua Cape Town kwa sababu Mtanzania anaingia Afrika Kusini kwa ziara fupi bila viza, na kwa sababu mdogo wangu anaishi kule, hivyo sikulipa hoteli. London na Basel zinataka viza, na viza inataka taarifa za benki za miezi mingi. Si kwamba haiwezekani, ila anza mapema sana.

Kujipanga kabla ya safari

Niliweka fedha mwaka mzima. Nilitenga mafungu mawili yasiyogusana: la safari na la picha. Fungu la picha niliandika kiasi chake kwenye daftari langu la mauzo, nikampigia mdogo wangu nikamwambia, ili mtu mwingine ajue. Ukiwa ndani ya ule ukumbi, taa zile na watu wale waliovaa vizuri wanakufanya uone milioni tatu ni kitu kidogo. Kiasi kilichoandikwa nyumbani, ukiwa umekaa kwenye kigoda chako, ndicho cha kweli.

Mwezi mmoja kabla, ingia kwenye tovuti ya maonesho usome orodha ya washiriki. Cape Town walikuwa zaidi ya 100. Huwezi kuwajua wote, wala huhitaji. Mimi nilichagua galari kumi na tano, nikaangalia kazi za wasanii wao kwenye simu, jioni baada ya kufunga duka. Galari za Afrika Mashariki nazo zimewahi kwenda huko, kama Circle Art ya Nairobi na Afriart ya Kampala. Hii Afriart ndiyo inayomsimamia Mtanzania mwenzetu Sungi Mlengeya, aliyeacha kazi ya benki akaingia kwenye uchoraji. Anachora wanawake weusi kwenye turubai jeupe aliloliacha wazi, mavazi yao hayachori, weupe wenyewe ndio unakuwa nguo. Mimi mwuza nguo nilikaa na picha ile kwenye simu mpaka chai ikapoa.

Ukiweza, noa macho kwanza hapa nyumbani. Ukipita Dar es Salaam ingia Nafasi Art Space, Mikocheni, uwaone wasanii wakiwa kazini, uwaulize rangi wanaipata wapi na turubai wanalivutaje. Pita pia kwa wachoraji wa Tingatinga karibu na Morogoro Stores, Oyster Bay. Mtu aliyemwona mchoraji akisubiri rangi ikauke hawezi kuuliza tena kwa nini picha ni ghali.

Safari yenyewe: ndege Kigoma hadi Dar, Dar hadi Johannesburg, Johannesburg hadi Cape Town. Anayetaka kubana matumizi apande treni mpaka Dar, ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli, aongeze siku mbili na ushee kwenye hesabu zake. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano hata kama hukuombwa.

Fika angalau siku moja kabla, na siku hiyo usiende popote pa kuuza. Nenda makumbusho ya Zeitz MOCAA pale bandarini. Lilikuwa ghala la nafaka lililojengwa miaka ya 1920, minara ya zege iliyosongamana kama mabomba, na msanifu Thomas Heatherwick alipoligeuza kuwa makumbusho, likafunguliwa 2017, alichonga katikati yake uwazi mkubwa wenye umbo la punje ya hindi. Nilisimama chini nikaangalia juu. Sisi tunaolala na magunia ya mahindi ndani ya nyumba tunaelewa heshima ya ghala. Faida ya kuanzia pale ni kwamba hakuna anayekuuzia kitu. Jicho linajifunza kupenda bila mkono kugusa pochi. Uliza mlangoni kama kuna siku raia wa Afrika wanaingia bure, na uwe na pasipoti mkononi.

Ndani ya ukumbi

Maonesho ya Cape Town yanafanyika kwenye ukumbi mkubwa wa mikutano wa kimataifa, CTICC, katikati ya mji. Jioni ya kabla ya kufunguliwa kwa wote kuna mwaliko wa wakusanyaji wakubwa na waandishi wa habari. Usisikitike kuikosa. Ni kweli baadhi ya kazi zinauzwa jioni ile, lakini zinabaki ukutani siku zote tatu, na wewe mtazamaji hupungukiwi kitu. Siku nzuri ni Ijumaa asubuhi, wauzaji hawajachoka na ukumbi haujajaa. Jumamosi ni msongamano. Jumapili alasiri watu wa mabanda wamekaa kwenye viti, na ndipo nilipopata mazungumzo marefu kuliko yote.

Vaa viatu vilivyozoea mguu wako. Mimi nilivaa kitenge changu na raba, na hakuna aliyeniangalia vibaya. Kinyume chake, watu watatu waliniuliza kitambaa kimetoka wapi. Begi kubwa liache mapokezi, maana ukigeuka nalo ghafla unaweza kugonga kitu cha mamilioni.

Mzunguko wa kwanza usisimame. Tembea ukumbi mzima kama unavyozunguka soko la Kibirizi kabla ya kununua migebuka: unaangalia tu nani ana nini. Ukimaliza, kaa chini, kunywa maji, ufumbe macho kidogo. Zile zinazorudi zenyewe kichwani ndizo za kuzifuata mzunguko wa pili. Kwangu zilikuwa sita kati ya mamia. Nilirudi kwa hizo sita tu, na kila moja nilikaa nayo mpaka niweze kusema kwa maneno yangu kwa nini nimeirudia. Kwa mbili nilishindwa kusema, nikaziacha.

Kuna sehemu inaitwa Tomorrows/Today. Humo kila banda limetolewa kwa msanii mmoja ambaye bado hajapata jina kubwa. Kama una fungu dogo, anzia hapo. Hata kama huna fungu kabisa anzia hapo, kwa sababu unaona kazi nyingi za mkono mmoja kwa pamoja, unaelewa mtu huyu anatafuta nini. Kwenye mabanda mengine unaona kazi moja ya huyu, moja ya yule, ni kama kusikiliza watu ishirini wakisema sentensi moja moja.

Utakutana na vitu usivyovitegemea. Sanaa ya leo haikai kwenye rangi na turubai. Billie Zangewa, mzaliwa wa Malawi, anatengeneza picha kwa vipande vya hariri vilivyoshonwa kwa mkono: mama akiwa jikoni, mtoto akienda shule. Nandipha Mntambo anaumba maumbo ya mwili wa binadamu kwa ngozi ya ng'ombe. Igshaan Adams, mtu wa Cape Town yenyewe, anafuma kamba na shanga mpaka zinakuwa kama ramani ya njia za miguu za mtaani kwao. Na El Anatsui wa Ghana anaunganisha vifuniko vya chupa za pombe kwa waya wa shaba. Nilipoona kazi yake kwenye simu mara ya kwanza niliapa ni kitambaa. Wanawake wa hapa wanaojua kufuma, kushona na kuchagua rangi wasijione wageni kwenye kumbi hizo. Wana macho tayari.

Wengi wananiuliza ile habari ya ndizi. Mwaka 2019, Art Basel Miami Beach, Maurizio Cattelan wa Italia alibandika ndizi ukutani kwa gundi ya utepe, ikauzwa dola 120,000, na Novemba 2024 nakala moja ikauzwa kwenye mnada wa Sotheby's kwa dola milioni 6.2. Huku kwetu, ambako ndizi zinashuka kutoka Kasulu kwa malori, jambo hili linaumiza kichwa. Mnunuzi hakununua ndizi, maana ndizi inaoza na kubadilishwa. Alinunua hati yenye maelekezo ya kuitundika, na haki ya kusema hii ndiyo kazi ya Cattelan. Unaweza usiipende kazi ile, mimi pia siipendi, lakini imenifundisha uzito wa karatasi. Ukipewa picha bila karatasi zake umepewa nusu.

Kugeuza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye faida yote.

Mteja anayejua vitenge hanunui kwa kuangalia mbele. Anakikunjua, anakigeuza. Wax ya kweli rangi imepenya, nyuma inang'aa sawa na mbele. Kilichochapwa upande mmoja nyuma kimepauka. Kisha anasoma maandishi ya pindoni. Picha nayo ni hivyohivyo. Mbele ni sura, nyuma ni ukoo.

Nilijifunza kwa hasara. Miaka mingi iliyopita, kwenye duka moja la zawadi Dar es Salaam, niliuziwa picha ya chui na ndege nikaambiwa ni ya Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, na jina lake limeandikwa chini. Nilitoa fedha ya pisi nyingi za vitenge. Baadaye ndipo nilipojua kwamba Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 na alikufa mwaka 1972, kwa hiyo alipata miaka michache tu ya kufanya kazi. Alichora kwenye mbao za hadibodi kwa rangi zinazong'aa za kupakia baiskeli. Ile yangu ilikuwa kwenye turubai jipya jeupe, na misumari ya nyuma inang'aa bila tone la kutu. Kama ningeigeuza pale dukani ningejua. Picha yenyewe ni nzuri na bado ipo ukutani, kuna kijana fulani aliyeichora vizuri, na jina lake lilifichwa ili jina la marehemu liuze. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Basi ukiwa bandani, salimia kwanza. Hata kule watu wanapokea salamu. Mwambie mwenye banda kazi hii umeirudia mara ya pili, ndipo uulize. Kiingereza changu ni cha dukani, na kilitosha. Uliza nani ameitengeneza na anaishi wapi. Uliza imetengenezwa na nini, mwaka gani. Uliza kama inatoka moja kwa moja kwa msanii au iliwahi kuwa ya mtu mwingine, na kama iliwahi kuwa ya mtu, ni nani na alinunua wapi. Hili la mwisho ndilo linalotenganisha soko la kwanza, kazi inapotoka kwa msanii, na soko la pili, inapouzwa tena na aliyeinunua, na kwenye soko la pili usikubali jibu la juu juu. Halafu omba uone nyuma.

Banda la kwanza nililoomba hivyo, dada aliyekuwa pale alitabasamu, akavaa glavu nyeupe, akaishusha. Nyuma ya turubai kulikuwa na jina la msanii, jina la kazi, mwaka, vipimo, na karatasi ndogo ya galari. Turubai limevutwa sawasawa, pembe zimekunjwa kwa nidhamu. Banda lingine jamaa alinijibu kwamba haiwezekani. Ikiwa ni kazi nzito au imefungwa ukutani kwa usalama, ni sawa, wana picha za nyuma kwenye tabuleti, omba hizo. Yule hakuwa nazo. Nilimshukuru nikaondoka.

Picha za chapa zinataka maarifa yake, na chapa ndizo mtu wa kipato chetu anazoweza kuzimudu. Msanii anachonga kwenye lino, aina ya zulia la sakafuni linalochongeka, au kwenye ubao, anapaka wino, anabandika karatasi na kuigandamiza. Anaweza kutoa nakala 30, kila moja ni kazi halisi, si kivuli cha nyingine. Chini yake, kwa penseli, kuna namba kushoto, kwa mfano 12/30, yaani ya kumi na mbili kati ya thelathini, kisha jina la kazi, na kulia sahihi na mwaka. Uliza kama ubao umeshaharibiwa ili zisiongezwe nyingine. Beba kioo cha kukuza: picha iliyochapwa kiwandani inaonesha vitone vidogo vilivyojipanga, wino wa lino hauna vitone. Na ukiigeuza karatasi kwenye mwanga wa pembeni, mara nyingi unaona alama ya mgandamizo, kama nyayo kwenye mchanga wenye maji.

Ile niliyonunua ni chapa ya lino ya msanii kijana wa Johannesburg. Mama amebeba furushi kichwani kituo cha mabasi, uso wake umegeukia pembeni, na furushi ni kubwa kuliko yeye. Nimebeba mafurushi ya namna hiyo kutoka mpakani Manyovu miaka ya mwanzo ya biashara yangu. Najua shingo inavyokuwa. Aliyemchora anajua pia, maana msuli mmoja tu wa shingo ameuchonga mweupe na mingine ameiacha nyeusi.

Bei na malipo

Mara nyingi bei haiandikwi ukutani. Kuna karatasi ya bei mezani, iombe bila aibu. Kitone chekundu pembeni ya jina maana yake imeuzwa. Kwenye chapa unaweza kuona vitone vinne vyekundu, maana yake nakala nne zimekwenda na bado zipo.

Usipunguze bei kama unavyopunguza dagaa. Nasema hivi mimi ninayeishi kwa kupatana bei. Kwa kawaida galari na msanii wanagawana nusu kwa nusu, kwa hiyo ukikata bei vipande unakata sahani ya mtu ambaye hayupo pale kujitetea. Tena galari ikishusha bei ya msanii ovyo, inashusha thamani ya kila aliyenunua kabla yako. Kinachokubalika ni kuuliza mara moja, kwa upole, kama kuna punguzo. Asilimia 5 hadi 10 ni kitu cha kawaida. Unaweza pia kuomba kulipa kwa awamu, wengi wanakubali, au kushikiwa kazi kwa saa chache ukafikirie. Mimi niliomba nishikiwe hadi saa tisa alasiri. Nikatoka nje, nikampigia simu binti yangu Kigoma, nikamwelezea picha bila kumtumia. Nilipomaliza akaniambia, "Mama, hiyo ni wewe." Nikarudi ndani.

Bei ilikuwa rand 4,500, kama laki sita na ushee za kwetu. Walinipunguzia asilimia 5 na kunipa bomba la kusafirishia. Hakikisha unapewa ankara yenye jina la galari, jina la msanii, jina la kazi, mwaka, vipimo, namba ya nakala na bei, pamoja na hati ya uhalisi yenye sahihi. Ankara iwe ya kodi, kwa sababu Afrika Kusini wana VAT ya asilimia 15, na mgeni anayeondoka na bidhaa za zaidi ya rand 250 anaweza kudai arudishiwe uwanjani. Sharti mzigo uuoneshe kwenye dirisha lao kabla hujakabidhi begi. Nilimwona mtu amekabidhi begi kwanza, akakosa.

Kwa upande wa kwetu, ongea na wakala wa forodha kabla hujasafiri akueleze kodi ya kuingiza kazi ya sanaa. Ukifika, onesha ankara, tangaza mzigo. Picha iliyoingia kwa siri haina karatasi, na siku watoto wako wakitaka kuiuza watahangaika.

Karatasi isafiri ndani ya bomba gumu na pana, imezungushiwa karatasi laini isiyo na asidi. Turubai la rangi ya mafuta likibidi kuviringishwa, upande wa rangi uwe nje, la sivyo rangi inajikunja ndani na kupasuka. Bomba langu lilikaa kwenye kabati la juu la ndege mpaka Dar, na kutoka Dar hadi Kigoma nililipakata.

Kuitunza karibu na ziwa

Huku kwetu adui ni unyevu. Kuanzia mvua za Novemba hadi Aprili ukuta unaoelekea ziwani unatoa jasho. Picha yangu moja ya rangi za maji iliharibika hivyo: fundi aliweka kioo kikigusa karatasi moja kwa moja, unyevu ukaingia, karatasi ikanasa kwenye kioo. Kuibandua ilitoka na ngozi.

Kwa hiyo niliporudi na hii sikuikimbiza kwenye fremu. Niliilaza siku tatu juu ya meza chini ya karatasi safi na vitabu vizito mpaka ikanyooka. Kisha nikaenda kwa mzee wangu wa fremu hapa Mwanga. "Shikamoo mzee." "Marahaba mama, leo umekuja na nini tena?" Tukakaa asubuhi nzima. Alikata kadibodi nyeupe isiyo na asidi niliyobeba kutoka Cape Town, akatengeneza ukingo wa ndani wenye unene wa milimita tatu, ili kati ya kioo na karatasi kuwe na hewa. Kadibodi ya boksi la sabuni usiikubali. Ina asidi, baada ya miaka karatasi yako inakuwa na rangi ya chai. Karatasi haikugundishwa kwa gundi wala solotepu, imeshikwa kwa vipande vidogo vya karatasi laini na gundi ya wanga, juu tu, chini imeachwa huru.

Itundike kwenye ukuta wa ndani, usioelekea ziwa na usiopigwa na jua la dirishani. Jua linafuta wino polepole hutaona, siku utakapoona umeshachelewa. Nyuma ya fremu, kwenye pembe mbili za chini, bandika vipande vya kizibo ili isilale ukutani na hewa ipite. Jikoni usitundike, moshi na mafuta ya mawese vinapanda.

Mwisho wa kila mwezi naishusha. Naigeuza, nafuta vumbi kwa kitambaa kikavu, naangalia kama mchwa wameanza njia kwenye mbao, naweka kiganja kwenye ukuta ilipokuwa kusikia kama pana ubaridi wa maji. Nyuma, juu ya karatasi ya galari, nimeongeza yangu kwa penseli: jina langu, Kigoma, Februari 2024. Chini ya jina langu nimeacha nafasi ya jina lingine.